Kimo cha Tangi la Kuluba

Watoto wa jirani huniletea simu zilizokufa. Wamesikia kwamba huyu bibi alifanya kazi ya kompyuta, basi wanadhani kila kitu chenye kioo kinachowaka ni ndugu yangu. Nawaelekeza kwa fundi wa pale sokoni Arua, nao wanaondoka wakinitazama kama tapeli aliyestaafu. Siwalaumu. Hata mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, alifariki akiwaambia mashoga zake kwamba binti yake Zaitun anauza vipuri vya pampu.

Sikuuza vipuri, wanangu. Nilihesabu mapovu. Nyinyi mnaoanza kazi za uhandisi sasa, mnaobeba kwenye begi laptopu yenye nguvu kuliko ofisi yetu nzima, nawaandikia nyinyi. Msinisome kwa heshima ya kulala usingizi. Nina jambo linaloniuma na nitalifikia, ila kwanza lazima mjue povu ni nini.

Pampu ikivuta maji kwa pupa, presha kwenye mdomo wake inashuka. Ikishuka vya kutosha, maji yanachemka pale pale, hata kama ni baridi. Mapovu yanazaliwa, yanaingia ndani kwenye mapanga yanayozunguka, presha inapanda tena na mapovu yanapasuka. Kila moja likipasuka linagonga chuma. Vitabu vinaita jambo hili kaviteshoni. Sisi ofisini tuliliita kokoto, kwa sababu ya sauti yake: weka ncha ya bisibisi kwenye mwili wa pampu, mpini uuweke sikioni, utasikia kokoto zikizunguka humo ndani. Fungua pampu yenyewe na hutakuta kokoto hata moja, ila mapanga yametafunwa kama gunzi lililoachwa kwa panya.

Hilo la bisibisi nilifundishwa na Inginia Candia, mwenye ofisi, Mlugbara mnene ambaye kicheko chake kilikuwa kifupi kama kikohozi. Nilikuja kwake na cheti changu cha hesabu za kompyuta nikitarajia kupewa kiti na meza. Wiki yangu ya kwanza aliipitisha akinizungusha kwenye visima vya kambi za wakimbizi, nikiinama juu ya pampu na bisibisi sikioni, buibui langu limejaa vumbi.

"Zaitun, kompyuta haina masikio," aliniambia. "Wewe iko nayo. Sikia kwanza."

Mpaka leo nikipita karibu na pampu nasimama. Wajukuu wangu wanaona aibu kutembea nami.

Ofisi yetu ilikuwa Arua Hill, katika nyumba ya zamani ya wakoloni yenye dari refu na madirisha ya chuma yasiyofungika vizuri. Arua ilikuwa bado haijaitwa jiji na umeme ulikuja kwa zamu. Hili la zamu mlishike, maana ndilo lililotuharibia.

Modeli, yaani pampu tuliyoiiga ndani ya kompyuta, inafanya kazi hivi. Unachukua nafasi yote iliyo ndani ya pampu na kuigawa katika vyumba vidogo mno, vingi kuliko nyumba zote za mkoa wetu wa West Nile. Kila chumba kompyuta inakihesabia mwendo wa maji, presha, na kiasi cha mvuke. Kisha inasogeza muda mbele kidogo, inaanza upya. Ukitaka ihesabu na joto pia, kazi inakuwa ndefu maradufu na zaidi, kwa sababu kila chumba sasa kinamsubiri jirani yake akiambie amepoteza joto kiasi gani. Pamoja na joto, hesabu haikwisha ndani ya zamu moja ya umeme. Bila joto, ilikwisha.

Basi tulikuwa tunalizima. Palikuwa na kijisanduku kidogo kwenye skrini. Ukiondoa alama, joto linatoka kwenye hesabu. Kwa pampu za maji hilo si kosa, na kazi zetu karibu zote zilikuwa za maji. Mtu mpya akija, jambo la kwanza kuonyeshwa ofisini lilikuwa choo kiko wapi, la pili kijisanduku kile. Sikumbuki kama kuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Nataka mcheke kidogo kabla sijaendelea. Mhitimu mmoja alikuja kwetu akiwa na suti. Tulimpa jaribio la naitrojeni ya kimiminika, ile baridi kali ajabu, ambayo inachemka kwenye sabini na saba kwa kipimo cha kelvini. Yeye akaandika sabini na saba, lakini kwenye kipimo hiki chetu cha kawaida, cha hospitali. Kompyuta haikulalamika. Ilihesabu siku nzima na kutoa picha nzuri sana, nyekundu na bluu, za naitrojeni ya moto kama chai. Candia aliibandika picha ile ukutani na kuandika chini yake, "Karibuni chai." Kijana alivumilia, akawa mhandisi mzuri baadaye. Wanangu, picha ikipendeza, rudi kwanza ukaangalie ulichoingiza.

Sasa nimeitaja naitrojeni, na siwezi kuitaja bila Taban.

Taban ni Mkakwa wa Kuluba, kule Koboko. Tulisoma pamoja sekondari hapa Arua, akinikopi hesabu nami nikimkopi baiolojia. Yeye akasomea mifugo, akawa mhimilishaji, yaani mtu anayepandisha ng'ombe kwa mbegu za dume zilizogandishwa, ili ndama atoke wa maziwa mengi. Mbegu hizo zinaishi ndani ya naitrojeni ya kimiminika, kwenye chupa kubwa ya chuma yenye shingo nyembamba. Naitrojeni ikiisha, mbegu zinakufa, na kwa macho huwezi kuona tofauti.

Naitrojeni yenyewe ilitoka Kampala kwa lori hadi Arua. Kutoka Arua Taban alibeba chupa yake kwa boda mpaka Kuluba. Safari moja, njiani, mwenye boda aligeuka akaona mvuke mweupe ukitoka shingoni mwa chupa. Akasimamisha ghafla na kukimbilia kwenye nyasi.

"Mzee, kitu yako nawaka!"

"Haiwaki. Iko baridi."

"Baridi natoa moshi?"

Taban alitembea sehemu iliyobaki, chupa begani. Alinisimulia akicheka, lakini mwisho wa hadithi hakucheka.

"Dada, hii kitu nakimbia," alisema. "Natoka Arua chupa imejaa. Lori ikichelewa kurudi, chupa inaisha. Mimi napandisha ng'ombe ya watu na mbegu imekufa. Ng'ombe haishiki. Watu nasema Taban ametuuzia moshi."

Hilo ndilo lililokuwa likimkondesha. Kuluba ni mahali pa wakulima, mtu ana ng'ombe wawili au watatu, na yule mmoja mzuri anamngojea kama mnavyongojea nyinyi majibu ya mtihani. Asiposhika mimba, mwenye ng'ombe hamtafuti naitrojeni. Anamtafuta Taban.

Ndipo walipotokea wafadhili wenye tangi kubwa la naitrojeni na pampu yake, la kuwekwa mahali pamoja, lori lilijaze mara chache, na wahimilishaji wa pande zote wajaziwe hapo. Ushirika wa Kuluba uliomba. Taban ndiye aliyeandika ombi, na ndiye aliyezunguka kwa wazee nyumba kwa nyumba. Wafadhili walileta ofisini kwetu swali moja: tangi lisimame juu kiasi gani?

Swali hili linaonekana la kitoto, lakini ndilo lenye kila kitu. Naitrojeni tangini iko mpakani mwa kuchemka saa zote. Ukiivuta kidogo tu, inageuka mapovu. Kinachoisukuma iingie kwenye pampu bila kuchemka ni uzito wake yenyewe, na uzito huo unaupata kwa kuinua tangi. Tangi likiwa chini mno, kokoto zitaitafuna pampu. Likiwa juu mno, unahitaji mnara wa chuma wa kubeba mzigo ule, na mnara haukuwemo kwenye mpango wa wafadhili.

Tulihesabu kama tulivyozoea, joto limezimwa. Jibu likaja: tangi likae usawa wa kilele cha paa la nyumba.

"Mzee, hii siyo maji," nilimwambia Candia.

"Najua haiko maji."

"Basi tuwashe joto."

Mmewahi kupakwa spiriti na nesi kabla ya sindano? Ngozi inahisi baridi, kwa sababu spiriti inapokauka inaondoka na joto lako. Povu nalo ni hivyo hivyo. Ili lizaliwe lazima lichukue joto kwenye kimiminika kilichopo kando yake. Kwa maji ya kisima joto hilo ni kidogo, halibadili kitu. Kwa naitrojeni ni jambo kubwa: povu moja likizaliwa, kimiminika jirani kinapoa zaidi, na kikipoa kinakuwa kigumu kuchemka. Povu linawazuia wenzake wasizaliwe. Kwa hiyo pampu ya naitrojeni huvumilia hali ambayo hesabu ya maji ingesema itaiua. Nilijua kwamba jibu letu la paa lilikuwa refu mno. Nisichojua ni refu kwa kiasi gani, na mhandisi hapeleki "nahisi" kwa wafadhili.

Candia aliwasha joto. Hakubisha, nataka hilo lieleweke, maana watu wamemsema vibaya tangu alipotutoka. Aliondoa kazi zote nyingine kwenye kompyuta na kuleta jenereta ya nyumbani kwake. Mke wake akapikia gizani kwa ajili ya mapovu yetu. Hesabu ikaenda polepole mno. Umeme ukikatika tunakimbilia jenereta. Jenereta ikikohoa tunakimbilia dizeli. Kisha asubuhi moja umeme ulikatika sekunde ile ile kompyuta ilipokuwa inajihifadhi, na faili ikaharibika. Tulikuwa na faili moja tu, kila mara tukiandika mpya juu ya ya zamani. Tukarudi mwanzo kabisa. Nyinyi wekeni faili mbili, zipokezane. Nililia mbele ya wanaume ofisini na sikujali.

Wafadhili walikuwa wanakutana wiki hiyo kuamua tangi liende wapi. Candia aliwapigia kuomba muda, wakasema wilaya nyingine zinangoja.

Alikaa kwenye kiti chake na kuuliza dari, "Tukisema chini bila kujua, pampu ikavunjika?"

"Na tukisema juu bila kujua, Mzee?"

"Haitavunjika."

"Haitavunjika kwa sababu haitakuwepo."

Alinitazama, akatoa kicheko chake kile kifupi kisichokuwa na furaha. Mwisho alipeleka jibu la paa. Chini ya ripoti akaongeza sentensi kwamba hesabu kamili inaendelea na kimo kinaweza kupungua. Nilimwomba aipandishe juu, ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene. Alisema ripoti haiandikwi hivyo. Watu wakasoma namba, hawakufika kwenye sentensi. Tangi likapelekwa wilaya nyingine, mbali, ng'ambo ya mto Nile, mahali palipokuwa na jengo la zamani lenye mnara.

Mimi ndiye niliyempigia Taban. Nilijiandaa kwa matusi, nilikuwa nimeshachagua na maneno ya kuyapokea.

"Sawa, dada," alisema. "Hesabu ikikataa, mimi nitafanya nini?"

Aliendelea na chupa yake msimu mmoja zaidi. Kisha lori lilichelewa sana kwa mvua, chupa ikakauka, na ng'ombe aliowapandisha baada ya hapo hawakushika hata mmoja. Mzee mmoja alimtaja kanisani, mbele ya watu, wakati wa matangazo, kwamba anauza moshi. Taban akarudisha vifaa vya kazi na kulima muhogo. Alikuwa mhimilishaji mwenye mkono mwepesi kuliko wote niliowahi kusikia wakisifiwa, na alikuwa bado hajafika umri wa kuota mvi.

Nami niliendelea na hesabu. Hakuna aliyenituma. Candia aliniachia kompyuta kila ilipokuwa haina kazi, bila kusema kitu, nami nikaisogeza kwa vipande vipande, faili mbili zikipokezana. Kwanza niliijaribu kwenye bomba jembamba ambalo tabia yake inajulikana, ili niiamini. Kisha nikairudisha kwenye pampu ya Kuluba. Ilichukua miezi. Wenzangu waliniambia nafukua kaburi, na walikuwa na haki.

Jibu lilipotoka ilikuwa asubuhi ya kawaida, chai mezani. Nilimwita Candia. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Iko chini hivi?"

"Chini hivyo, Mzee."

Aliigusa namba kwenye skrini kwa kidole. "Tungewaambia wangoje."

"Tuliwaambia."

"Tuliwaambia na sauti ndogo," alisema, akatoka nje. Nilimwona dirishani amesimama pale bustanini, mikono nyuma, akiutazama mji.

Hakuzima joto tena maisha yake yote, hata kwa pampu ya maji, hata wateja walipolalamika kwamba tunachelewa. Mimi nilidhani nitafurahi kuona hivyo. Kilichonijaa ni uchungu, kwa sababu sasa tulikuwa tunafanya vizuri kazi ambazo hazikuhitaji.

Yaliyofuata niliyaficha miaka mingi kwa ombi la Taban, na ni yeye mwenyewe aliyeniambia mwaka huu niyaandike, kwa kuwa wazee waliohusika wameshatangulia.

Nilikwenda Kuluba. Ningeweza kupiga simu, lakini nilishampa jibu moja kwa simu. Nilimkuta shambani akipalilia. Alinawa mikono, akaniuliza habari za mama, za watoto, za safari, akanipa kiti na maji, na mimi nikamweleza yote, spiriti ya nesi na mapovu yanayozuiana. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza darasani, kichwa upande.

"Kwa hiyo tangi ingekaa juu kiasi gani?"

Nilisimama nikamwonyesha kwa mkono. Hapa, usawa wa mkanda wa suruali yako.

Alivaa ndala, akaniambia nimfuate. Tulipita nyuma ya ghala la ushirika. Palikuwa na jukwaa la mawe na saruji, la mraba, limejengwa kwa ustadi, na mbuzi watano au sita wamelala juu yake. Nilimuuliza ni la nini.

"Ya tangi," alisema.

Wazee waliposikia kwamba tangi huenda likaja, hawakungoja ripoti. Waliogopa kwamba wafadhili wakikuta uwanja mtupu watasema Kuluba hawako tayari. Wakakubaliana kila nyumba ilete mawe kutoka mtoni. Wanawake waliyabeba kichwani, wa kanisa na wa msikiti pamoja, na hata yule mzee aliyekuja baadaye kumtaja Taban kanisani alileta ya kwake. Walilipandisha juu kidogo ili maji ya mvua yasifike. Sisi huko Arua Hill hakuna aliyetuambia, na sisi hatukuuliza.

Taban aliwafukuza mbuzi. Akasimama akigusana na jukwaa. Ukingo wake ulimfika kwenye mkanda.

Aliweka kiganja juu ya saruji na kukiacha hapo. Nilitaka kumwambia pole, lakini pole nilikuwa nimeshalitumia siku ile ya simu na lilikuwa limekwisha.

"Dada," alisema, "hapana ambia watu wa hapa."

"Ni haki yao kujua, Taban."

"Mimi niliwaambia hesabu ilikataa. Walikubali. Mutu anaweza kukubali hiyo, analala. Sasa niwaambie hesabu ilikubali, na mawe yenu ilikuwa sawa, na tangi iko kwa watu wengine? Hiyo watalala nayo namna gani?"

Jibu nililokuja nalo mkobani halikuwa la swali hilo. Akapanda akakaa juu ya jukwaa, akanisogezea nafasi, nami nikapanda. Tulikaa hapo miguu ikining'inia, watu wawili wazima, mpaka mbuzi waliporudi kudai mahali pao.